Jina Lilikuwa Langu

Jumatatu moja asubuhi kompyuta iliniambia kwamba mimi si mimi. Niliandika jina langu, nikaandika nywila, skrini ikajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Nikadhani labda herufi kubwa zimewaka. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetuma pesa kwa namba asiyoiamini. Ikakataa. Mara ya tatu nikaanza kuona aibu, mwenzangu wa meza ya pili asije akadhani nimesahau neno ambalo nilikuwa naliandika kila siku kwa miezi saba.

Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, na hii kazi ya ukarani wa data ndiyo ilikuwa inalipa kodi ya nyumba. Shirika lenyewe lilikuwa dogo. Lilikuwa linalipia karo wanafunzi wa sekondari. Majina yao, shule zao, kiasi cha karo na hali ya kila ombi vilikaa kwenye hifadhidata moja, kwenye seva ya kukodi, na sisi makarani watatu tuliingia kupitia intaneti tukiwa ofisini.

Kufikia saa nne bosi akaniita. Wanafunzi 61 waliokuwa wameidhinishwa walikuwa wamefutwa Jumamosi usiku. Kando ya kila mmoja kulikuwa na safu ya aliyefanya mabadiliko, na jina lililokuwa pale lilikuwa moja tu. Langu.

Jumamosi usiku nilikuwa Machakos kwa harusi ya binamu yangu, simu haina bando. Nilimwambia bosi hivyo. Akanitazama, akageuza skrini nione vizuri. "Lakini jina ni lako," akasema.

Nitarudi kwa hiyo Jumatatu. Jioni yake, kwa sababu sikuweza kulala, nilianza kusoma. Nilitaka tu kujua ni nani alituletea hii kitu, na kwa nini sisi sote tuliamini kwamba neno moja linaweza kusimama mahali pa mtu mzima.

*

Ilianza kwa sababu watu walilazimika kugawana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati. Unapeleka kadi zako zilizotobolewa, unangoja zamu, unarudi baadaye kuchukua majibu. Ukikosea alama moja, unaanza upya. Katika chuo cha MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakatengeneza mfumo ulioitwa CTSS, ambao walionyesha mara ya kwanza Novemba 1961. Mfumo huo uligawa muda wa mashine moja katika vipande vidogo sana, ukawa unamhudumia huyu kidogo na yule kidogo, haraka hivi kwamba kila mmoja alihisi ana kompyuta yake peke yake.

Hapo ndipo swali likazuka. Kama sote tunatumia mashine moja, faili zangu zitajuaje kwamba anayeziomba ni mimi? Jibu la Corbató lilikuwa rahisi: kila mtumiaji apewe neno lake la siri. Hakuliona kama uvumbuzi wa kujivunia. Kwake lilikuwa kama kufuli, jambo la kawaida kabisa ukiwa na watu wengi nyumba moja.

Kufuli hilo halikumaliza mwaka kabla halijafunguliwa. Allan Scherr alikuwa mwanafunzi wa uzamifu pale pale MIT, na utafiti wake ulihitaji kompyuta kwa muda mrefu. Alikuwa amepewa saa nne kwa wiki. Mtu yeyote aliyewahi kukaa saiba kwa shilingi moja kila dakika, akiandika barua ya kuomba kazi huku jicho moja liko kwa ile saa ya kona ya skrini, anamwelewa Scherr bila kuelezwa zaidi.

Mwaka 1962 Scherr aligundua kwamba unaweza kuomba faili yoyote ichapishwe ukiandika jina lake kwenye kadi. Ijumaa usiku akaomba faili ya nywila zote. Jumamosi asubuhi akaenda mahali karatasi zilizochapishwa huwekwa, akaichukua, akaondoka. Hakuvunja kitu. Aliomba, mashine ikampa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba faili hiyo haiombwi.

Kilichonikaa zaidi moyoni ni alichofanya baadaye. Aliwagawia wenzake zile nywila, ili lawama isambae. Watu wengi wakiingia kwa majina yasiyo yao, nani atasema ni nani alianza? Scherr alikiri miaka kama 25 baadaye, mambo yakiwa yamepoa. Nilisoma hapo mara mbili. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa mwenzangu wa meza ya pili nywila yangu mara kadhaa, amalizie kazi nikiwa nimetoka mapema. Sikuona ubaya. Tulikuwa tunasaidiana.

Mwaka 1966, CTSS ikatoa somo lingine. Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, kila aliyeingia alikuta jambo la ajabu. Mfumo ulikuwa na desturi ya kumwonyesha kila mtu tangazo la siku. Siku hiyo, mahali pa tangazo, ulikuwa unachapa orodha nzima ya nywila za watu wote. Waandaaji wawili wa mfumo walikuwa wakihariri faili wakati mmoja, mmoja tangazo na mwingine nywila, kwa programu ambayo iliweka kazi ya muda chini ya jina lile lile bila kujali ni nani anayeitumia. Faili zikabadilishana. Hakukuwa na mwizi. Walikuwa watu wawili waaminifu wakitumia akaunti moja. Aliyekuwa zamu ilibidi abaki ofisini masaa kadhaa akibadilisha nywila za watu, wakati wengine wanaenda wikendi.

*

Baada ya hapo wajuzi walianza kufikiria tofauti. Kama faili ya nywila inaweza kuvuja, basi afadhali isiwe na nywila ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Roger Needham alipendekeza kwamba mashine isitunze neno lenyewe bali itunze matokeo ya kulisaga. Ukiandika neno lako, mashine inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Kutoka mahindi hadi unga ni rahisi, lakini hakuna anayerudisha unga ukawa mahindi.

Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa Bell Labs wakifanya kazi kwenye mfumo wa Unix, waliandika makala mwaka 1979 kuhusu hayo hayo. Waliongeza kitu kinachoitwa chumvi. Kabla ya kusaga, unatia tarakimu chache za kubahatisha, ili watu wawili wenye neno moja wasitoe unga unaofanana. Ila walipochunguza nywila 3,289 ambazo watu walikuwa wamejichagulia, walikuta 2,831, yaani asilimia 86, zinakisika kwa urahisi. Nyingine zilikuwa herufi moja tu. Herufi moja! Kwa hivyo kinu kilikuwa kizuri, ila watu walikuwa wanaleta punje moja.

Hii historia ya unga ina faida ukikwama leo. Ukisahau nywila na ukaomba msaada, mfumo uliotengenezwa vizuri hauwezi kukutumia ile ya zamani, kwa sababu wenyewe haujui. Unaweza tu kukupa nafasi ya kuweka mpya. Mtu akikwambia kwa simu, "nywila yako ni hii hapa," jua kwamba mahali fulani kuna orodha kama ile aliyoichukua Scherr.

Halafu ikaja enzi ya alama za ajabu. Mwaka 2003, Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo: weka herufi kubwa, tarakimu, alama, na ubadilishe kila mara. Dunia ikamfuata. Benki, vyuo, mpaka ofisi yetu ndogo ikawa inatulazimisha kubadilisha kila miezi mitatu. Na sisi tulifanya kile ambacho kila mtu alifanya, yaani kuongeza namba mbele. Ya kwanza inaishia na 1, inayofuata 2. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, alisema hadharani kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huo huo NIST ikatoa mwongozo mpya: neno refu ni bora kuliko neno lililopotoka, na usimlazimishe mtu kubadilisha bila sababu.

*

Jumanne bosi alileta fundi. Nilitegemea aanze kuniuliza maswali ya polisi. Badala yake akavuta kiti, akaniambia kwamba mtu akikosa kuingia kwenye hifadhidata, kuna maswali matatu, na ni lazima yaulizwe kwa mpangilio. Kwanza, umefika mlangoni? Yaani intaneti ipo, seva iko hai, anwani ni sawa? Pili, mlango unakujua? Yaani jina na nywila vinalingana na vilivyoandikwa kule? Tatu, ukishaingia, una ruhusa ya chumba gani? Kuna mtu anaruhusiwa kusoma tu, mwingine kuandika, mwingine kufuta. Watu wengi wakiona mlango umefungwa wanakimbilia kubadilisha nywila, kumbe shida ni ya swali la kwanza au la tatu.

Ujumbe wangu ulionyesha kwamba nilikuwa nafika mlangoni. Seva ilikuwa inajibu, tena inajibu kwa kunikataa. Kwa hivyo tulikuwa kwa swali la pili. Hapo akanionyesha kitu ambacho sikuwa nakijua. Hifadhidata yetu ilikuwa ya MySQL, na kwa MySQL mtu si jina peke yake. Mtu ni jina pamoja na mahali anapotoka. Jina langu likitoka kwa anwani ya intaneti ya ofisi ni mtu mmoja. Jina hilo hilo likitoka popote pengine linaweza kuwa mtu mwingine kabisa, mwenye nywila yake na ruhusa zake.

Akafungua jedwali la watumiaji. Nilikuwa wawili.

Wa kwanza alikuwa mimi, niliyefungwa kwa anwani ya ofisi. Wa pili alikuwa na jina langu, na mahali pa anwani kulikuwa na alama ya asilimia, ambayo maana yake ni "kutoka popote". Huyo wa pili sikumjua. Wikendi hiyo stima ilikuwa imepotea mtaani, modemu ya ofisi ikazima, na ilipowaka tena kampuni ya intaneti ikaipa anwani mpya. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi, nilipoingia, seva haikuniona nikitoka mahali ilipozoea. Ikamtafuta mwenye jina langu anayeruhusiwa kutoka popote, ikampata, ikalinganisha nywila yangu na yake. Hazikufanana. Ndiyo maana nilikataliwa. Bila stima kupotea, hakuna mtu angejua kwamba huyo wa pili yupo.

Na mabadiliko ya Jumamosi usiku yalikuwa yametoka nje ya ofisi. Yaani yalifanywa na huyo mwingine.

"Ni nani alimtengeneza?" nikauliza. Fundi akasema akaunti kama hiyo inatengenezwa tu na msimamizi mkuu wa hifadhidata. Na msimamizi mkuu ni nani? Hapo kimya kikaingia. Nywila ya msimamizi ilikuwa kwa karatasi ya manjano iliyobandikwa ndani ya kabati. Watu wanne waliijua, na mmoja wao alikuwa ameacha kazi mwaka uliotangulia. Kumbukumbu zilisema "msimamizi" alifanya hivi na vile. Msimamizi hakuwa mtu. Alikuwa karatasi.

*

Wakenya wa rika langu tunajua hadithi hii kwa kiwango kikubwa zaidi. Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulipofanyika, vifaa vya kutambua wapiga kura viliishiwa na betri kwa vituo vingi, na kwingine makarani hawakuwa na nywila za kuvitumia. Watu wakarudi kwa daftari la karatasi. Tukacheka, tukasonga mbele.

Mwaka 2017 hakuna aliyecheka. Chris Msando, msimamizi wa teknolojia katika Tume ya Uchaguzi, IEBC, ambaye alikuwa amekaa mbele ya kamera kuwahakikishia watu kwamba mfumo uko salama, aliuawa siku chache kabla ya kura ya Agosti 8. Siku moja baada ya kura, Raila Odinga alidai kwamba mfumo umeingiliwa kwa kutumia utambulisho wa Msando. Tume ikasema kulikuwa na jaribio lakini halikufaulu. Sikiliza vizuri mashtaka yalikuwa nini: kwamba marehemu ameingia. Kwa hifadhidata, hilo linawezekana kabisa. Hifadhidata haijui kifo. Inajua jina na nywila.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu. Agosti 28 mahakama ikaamuru tume iruhusu walalamishi kuangalia seva na kumbukumbu za walioingia, kwa ruhusa ya kusoma tu. Ona ni swali la tatu la fundi hilo, likitolewa na majaji. Tume haikutekeleza amri hiyo kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, walibatilisha uchaguzi wa urais. Katika hukumu yao kamili, kukataa kufungua seva kulihesabiwa dhidi ya tume. Kama huwezi kuonyesha ni nani aliingia, huwezi kutuomba tuamini hakuna aliyeingia.

Na siku chache baadaye ukafichuka waraka wa mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, kwa afisa mkuu mtendaji. Miongoni mwa maswali yake: kwa nini akaunti ilifunguliwa kwa jina lake bila yeye kujua, na ikatumika mara 9,934? Makamishna kadhaa walijitenga na waraka huo, na mabishano yakaendelea. Mimi nilikuwa kijana wakati huo, nikasikia hiyo namba kwa redio ya matatu, nikaona ni siasa tu ya wakubwa. Miaka baadaye, nikiwa nimekaa kando ya fundi, nikaikumbuka. Mtu mwenye cheo kikubwa vile alikuwa ameuliza swali langu.

Mwaka 2022 tume ilijaribu njia tofauti. Fomu 34A za vituo 46,229 zikawekwa kwa tovuti, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kuzifungua bila nywila yoyote. Tulikaa usiku tukijumlisha wenyewe. Bado kesi ilienda kortini, na bado kulikuwa na hoja kuhusu nani aliingia kwenye seva, lakini mahakama ikathibitisha matokeo Septemba 5. Nakumbuka nikifikiria kwamba mambo yalikuwa yamewekwa mahali pake. Kusoma kuwe kwa wote. Kuandika kuwe kwa wachache, kila mmoja kwa jina lake la kweli. Na chini kabisa kuwe na karatasi iliyotiwa sahihi.

*

Karatasi ndiyo iliyookoa wale wanafunzi 61. Kwenye kabati lile lile lenye nywila ya manjano kulikuwa na fomu zao, kila moja na muhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu. Nilikaa siku tatu nikizirudisha moja moja. Kuna msichana wa kidato cha tatu ambaye mwalimu wake alikuwa ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba asipolipiwa muhula huu hatarudi. Niliandika jina lake polepole kuliko mengine yote. Kama mlango wangu haungekataa kufunguka Jumatatu ile, sijui ni lini mtu angegundua.

Bosi alibadilisha nywila ya msimamizi, akafuta yule mimi wa pili. Mwisho wa mwezi hakuniongezea mkataba. Alisema ni bajeti. Labda ilikuwa bajeti. Lakini nilikuwa nimeona alivyonitazama siku ya kwanza, na sikuwa na namna ya kuthibitisha zaidi ya kile fundi alichoonyesha: kwamba hakuwa mimi wa ofisini. Hakuna aliyeweza kusema alikuwa nani, kwa sababu tulikuwa tumeishi miezi yote ile kama Scherr na wenzake, tukigawana majina, na lawama ikiwa imesambaa vizuri mpaka ikakosa pa kutua. Ikatua kwa jina lililoandikwa.

Juzi mamangu aliniomba niwawekee vitabu vya chama chao kwa intaneti, kila mtu aone michango akiwa kwake. Ni akina mama 12. Mama akasema, "Si tutumie nywila moja tu sisi wote? Sisi ni watu wa kuaminiana."

Nikamwambia, "Mama, siku pesa zitapungua, hamtaaminiana. Na wewe ndiye mweka hazina."

Alinyamaza kidogo, halafu akaenda kupika chai. Jumapili baada ya kanisa walikuja nyumbani, nikakaa na kila mmoja, nikamfungulia akaunti yake. Mweka hazina na katibu wanaandika, wengine wanasoma. Niliwaambia wachague maneno manne yasiyohusiana, marefu, wasijisumbue na alama. Mmoja wao, mama mzee wa nyumba ya pili, akaniuliza kama ni dhambi akiandika lake nyuma ya Biblia, maana kichwa chake siku hizi kinasahau.

Nikamwambia hapana, si dhambi. Corbató mwenyewe, uzeeni, aliziweka zake kwa karatasi. Akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mzee mmoja aliyegawana mashine na watu wengi. Akatikisa kichwa kama anayemjua, akafungua Biblia, akaandika, kisha akaifunika kwa mkono nisione.